Asilimia Tisini na Saba

Jumatatu, 4 Agosti

Leo nimetia saini. Saini yangu ya kwanza kwenye fomu ya kijani! Wino mweusi, herufi zimelala kidogo upande wa kulia, mstari mmoja chini yake. Niliifanyia mazoezi wiki mbili kwenye karatasi chakavu. Imetoka vizuri kuliko mazoezini.

Maelezo kwa faida ya vizazi vijavyo. Fomu ya kijani ndiyo inayomruhusu mwanariadha aliyeumia kurudi mashindanoni. Bila hiyo hakimbii, haruki, hatupi. Katika kituo chetu hutiwa saini na mtu mmoja tu, mkuu wa kitengo cha tiba ya viungo, mama mwenye stashahada ya zamani na vidole kama koleo, ambaye wote humwita Mama Magoti. Ameshika magoti ya watu kwa miaka thelathini na moja. Mimi nina shahada ya sayansi ya michezo, daraja la kwanza, na miezi mitano na nusu ya majaribio kazini. Wiki iliyopita binti yake alijifungua, naye Mama Magoti akaomba ruhusa hadi Ijumaa. Aliniachia ufunguo wa kabati na maagizo matatu: nisihamishe taulo, nisibishane na Kocha, nisitie saini chochote.

Agizo la tatu nimelitafakari kwa kina. Naona lilitolewa kwa haraka.

Maana mwanariadha mwenyewe ni Kiberiti! Mkimbiaji wa viunzi, mita mia nne, mfupi, mwembamba, huwaka bila taarifa, na hapo ndipo jina lilipotoka. Miezi tisa iliyopita alitua vibaya, kano ya ndani ya goti la kushoto ikakatika. Akapasuliwa, akawekewa kano nyingine. Jumamosi hii ni mbio za mchujo wa timu ya taifa. Akizikosa, atasubiri miaka minne, na kwa mkimbiaji miaka minne ni uzee.

Nikamkalisha kwenye kiti cha kupimia. Kiti hiki kina mikanda kama cha rubani. Mtu hufungwa, husukuma chuma kwa mguu kwa nguvu zake zote, na mashine hutoa namba. Mguu wa kushoto, ulioumia: 145. Mguu wa kulia, mzima: 149. Kanuni imo katika vitabu vyote nilivyosoma, na nimesoma vingi: mguu ulioumia ukifikia asilimia tisini ya mguu mzima, mwenye mguu aende zake. Nimepiga hesabu mara mbili. Tisini na saba!

Kiberiti alinirukia shingoni, akaniita Profesa. Nilimwambia bado sijafika huko. Sikumsahihisha kwa nguvu sana.

Kocha aliisoma fomu mbele na nyuma, akauliza Mama Magoti anasemaje. Nikamjibu kwamba sayansi haiombi ruhusa kwa mtu aliye likizo. Akasema haya kijana, mradi saini ipo.

Ipo.

Jumanne, 5 Agosti

Nimekwisha.

Niandike kwa utaratibu. Saa tatu asubuhi nilifungua kabati kutafuta muhuri, kwa kuwa saini bila muhuri huonekana pweke. Chini ya muhuri palikuwa na daftari la Mama Magoti. Jalada gumu, kona zimelika, limefungwa kwa kipande cha bendeji. Katika mkutano wa mwezi uliopita nilisema, mbele ya watu kumi na wanne, kwamba mahali pa daftari hilo ni jumba la makumbusho. Watu walicheka. Mama Magoti naye alicheka, jambo lililonikera.

Nikalifungua ili nicheke tena.

Kumbe kila mwaka kabla ya msimu, wanariadha wakiwa wazima, hawana hata mkwaruzo, yeye huwapima mmoja mmoja na kuandika. Kiberiti, mwaka jana, miezi miwili kabla ya kuumia. Kushoto: 206. Kulia: 204.

Nilisoma mara ya kwanza nimesimama. Mara ya pili nimekaa. Mara ya tatu nimeshika ukuta.

Mguu wa kulia haukuumia, ni kweli. Lakini ulikaa! Miezi tisa kitandani, kwenye magongo, kwenye mabenchi ya kusubiria, ukimsindikiza mwenzake. Umenywea pamoja naye. Sikupima mguu mgonjwa kwa mguu mzima. Nilipima mguu dhaifu kwa mguu dhaifu, kisha nikaipongeza yote miwili kwa kufanana! Kipimo cha haki ni mguu wa kushoto wa leo kwa mguu wa kushoto wa mwaka jana. Mia moja arobaini na tano kwa mia mbili na sita. Asilimia sabini. Na viunzi ni kumi, na kila kiunzi anatua kwa mguu huohuo.

Jasho jembamba. Nimekwenda msalani mara nne, mbili kati ya hizo ni kwa ajili ya kufikiri.

Kuungama? Tathmini yangu ya mwisho ni wiki ijayo. Nikisema, nitakuwa nimesema mambo mawili kwa mpigo: kwamba nimekosea, na kwamba daftari la makumbusho limepatia. La kwanza pengine ningelimeza. La pili ni mfupa kooni.

Basi ni mpango. Nimemwandikia Kocha barua ya kurasa tatu kupendekeza mbio zisogezwe mbele kwa Kiberiti peke yake, kwa sababu za tahadhari ya jumla, nikitaja wataalamu kumi na mmoja. Kocha aliisoma akitafuna kijiti. Akauliza kama hao kumi na mmoja ni timu ya mpira. Akasema jana yuko tayari, leo hayuko tayari, je, goti limeota au mimi ndiye niliyeota? Akanirudishia barua, imelowa mate ya kijiti kwenye kona.

Niliona aibu. Lakini hofu ilikuwa kubwa zaidi, ikaifunika.

Jumatano, 6 Agosti

Mpango wa pili. Ikiwa Kocha hazuiliki, azuilike mkimbiaji. Nimtie hofu kidogo. Ninayo ya kutosha, naweza kugawa.

Nilimkuta Kiberiti uwanjani akijinyoosha. Nikamweleza, kwa sauti ya mtu anayezungumzia hali ya hewa, habari za wanariadha waliorudi mapema. Nikaeleza jinsi kano inavyokatika mara ya pili. Nikaeleza na mlio wake. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, wewe si ndiye uliyesaini? Nikakiri kwamba ndiye. Akasema basi Profesa, usinichoshe hapa, mwanamume gani mwoga hivi, unaogopa goti la mwenzio kuliko mwenye goti!

Kisha akawaka. Akasema nikae palepale nimtazame akiruka viunzi vinane, ili roho yangu itulie.

Itulie!

Kiunzi cha kwanza: akaruka, akatua kwa mguu wa kushoto, goti likaingia ndani kidogo. Kidogo sana. Upana wa kidole. Mtu asiyesoma asingeliona, mimi niliona kana kwamba limewekwa mezani kwangu. Cha pili, vilevile. Cha tatu nilifumba macho, lakini masikio hayafumbiki, nikasikia kila kiatu kikigonga chini, nami nikawa nasubiri mlio ule niliouelezea mwenyewe. Cha tano nilipiga ukelele. Si neno. Ni sauti tu, nyembamba, isiyostahili shahada yangu.

Wote waliokuwepo wakadhani nashangilia. Watupa mkuki nao wakaanza kushangilia. Kiberiti akaongeza mwendo! Alipomaliza cha nane alikuja anahema, uso unang'aa, akatangaza mbele ya wote kwamba ukelele wangu umempunguzia nusu sekunde, na Jumamosi lazima niwepo pembeni ya uwanja, nipige vilevile.

Mama yake anakuja pia, akaniambia. Anasafiri kwa basi siku nzima. Hajamwona akikimbia tangu aumie.

Niliketi kwenye nyasi.

Nyumbani sikula. Dada, ambaye amenilea tangu darasa la pili na sasa amenipa chumba chake cha nyuma, alisogeza sahani karibu, akaisogeza tena, akaniuliza nimeharibu nini. Nikasema nani kasema nimeharibu. Akasema mdogo wangu, wewe ukipatia unaongea mpaka majirani wanafunga madirisha, leo umenyamaza. Kama umeharibu nenda ukaseme, utazomewa siku moja, basi.

Dada anafundisha chekechea. Maadili yake yamebuniwa kwa ajili ya watu wasiozidi miaka sita. Nilimweleza hivyo kwa hoja nne. Akachukua sahani.

Alhamisi, 7 Agosti

Sijafumba jicho. Kila nikilala nasikia viatu.

Lakini alfajiri nilipata wazo safi, wazo la kisomi kabisa. Mashine imekosea! Mashine ikiwa mbovu, vipimo vya Jumatatu ni batili, fomu ni batili, saini haina hatia. Hakuna aliyekosea isipokuwa chuma, na chuma hakifanyiwi tathmini.

Saa mbili, kabla ya wengine kuingia, nilizunguka nyuma ya kiti nikachomoa waya mmoja. Mwekundu. Kioo kikazimika. Nikampigia fundi wa mashine na kumweleza, kwa masikitiko, kwamba kiti kimekuwa kikitoa namba za ajabu wiki nzima. Nikamwita na Kocha awe shahidi.

Fundi ni mtu wa maneno machache na tochi kubwa. Alichuchumaa nyuma ya kiti. Nikamsikia akisema ah. Dakika mbili! Wanafunzi wa vyuo hufundishwa miaka mitatu, na mtu huyu aliumaliza mpango wangu kwa dakika mbili. Akauliza nani kachomoa huu. Nikasema mtetemo. Akanitazama. Nikaeleza nadharia ya mtetemo. Akaendelea kunitazama.

Nikamwambia hata hivyo namba haziaminiki. Akasema zitaaminika, panda tujaribu. Kocha akasema panda kijana.

Nilipanda. Wakanifunga mikanda kifuani, kiunoni, pajani. Nikasukuma mguu wa kulia mpaka nikaona nyota. Namba: 61. Kushoto, huku Kocha akinihimiza kama punda anayepanda kilima: 58.

Fundi akapiga hesabu kwenye kiganja. Akasema tisini na tano kwa mia, mashine nzima, na wewe mwenyewe mzima. Kocha alicheka mpaka akashika mlango. Akasema kumbe nina mkimbiaji mwingine, Jumamosi nakupa njia ya nane!

Wao walicheka. Mimi nilikuwa nimefungwa kwenye kiti, siwezi kushuka, naitazama namba yangu kwenye kioo. Kwa kanuni yangu, kwa saini yangu, kwa fomu yangu ya kijani, mimi mwenyewe, ambaye hupumzika katikati ya ngazi za ofisi, naruhusiwa kuruka viunzi kumi. Sijawahi kuona kosa likielezwa vizuri namna ile, na aliyelieleza ni mapaja yangu.

Hapo ningesema. Mdomo ulifunguka kabisa. Lakini Kocha alikuwa bado anacheka, na mtu hawezi kuungama kwa mtu anayecheka. Haiwezekani kimaumbile.

Fundi amebandika karatasi kwenye kiti: IMEKAGULIWA, NI SAHIHI. Na tarehe. Kwa hiyo sasa kosa langu lina cheti.

Saa kumi Kocha na Kiberiti wameondoka kwenda kambini karibu na uwanja mkuu. Kiberiti alinipungia mkono dirishani, akaigiza ukelele wangu.

Ijumaa, 8 Agosti

Mama Magoti amerudi.

Nilijua atarudi saa tatu. Saa moja nilikuwa ofisini na daftari mkononi. Hoja yangu: akilifungua, ataona 206, atauliza, nitakufa. Asipoliona, nitakufa baadaye. Baadaye ni bora, kila mwanafalsafa mwenye akili atakubali. Nikalitumbukiza kwenye kapu la taulo chafu, chini kabisa, nikafunika kwa taulo nane za wacheza raga. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayegusa taulo za wacheza raga.

Aliingia na tabasamu la bibi mpya, akanionyesha picha za mjukuu. Nilimsifia. Sikumwona mtoto, niliona goti. Akaniuliza Kiberiti yu wapi. Nikasema kambini, na Kocha. Akauliza, anakwenda kutazama mbio? Nikajibu kwamba atakuwepo uwanjani. Kila neno la jibu hilo ni kweli, nimelichunguza. Akasema vizuri, azizoee kelele, maana akisikia bunduki ya kuanzishia mbio atataka kuruka kutoka jukwaani, namjua yule mtoto. Kisha akaitwa kwa mchezaji wa tenisi mwenye kiwiko kinachouma, nami nikaegemea kabati ili lisiondoke. Au mimi nisiondoke.

Saa nane mfuaji aliingia. Nilikuwa nimesahau kwamba Ijumaa ni siku ya kufua. Alikuwa ameshika kitu kwa ncha za vidole, kinachuruzika maji, akauliza kwa sauti ya jengo zima: nani anafua masomo yake?

Daftari. Maji ya nyuzi tisini, sabuni ya unga, mzunguko mrefu.

Mama Magoti alilipokea kwa mikono miwili. Akalifunua taratibu, ukurasa kwa ukurasa, kama mtu anayefungua kidonda. Wino umekuwa wingu la buluu. Majina hayapo. Namba hazipo. Miaka kumi na tisa ya vipimo! Hakupiga kelele. Aliuliza jambo moja tu, nani amehamisha taulo. Nikasema hilo lichunguzwe kwa kina, nami niko tayari kuongoza uchunguzi.

Akalianika dirishani. Nilimwona akipuliza kurasa, moja baada ya nyingine, huku akinong'ona majina ya watu.

Nilitoka nje nikashika kichwa. Nilidhani ningefarijika, ushahidi umekufa. Badala yake nilihisi baridi ya ajabu, mchana kweupe. Sasa namba ile, 206, haipo popote duniani isipokuwa kichwani mwangu. Nikinyamaza, hakuna awezaye kumzuia. Hata Mama Magoti. Mimi peke yangu. Nimeomba madaraka tangu nilipoajiriwa, na sikujua kwamba yana uzito wa namna hii.

Jumamosi, 9 Agosti

Naandika haya nikiwa kwenye benchi la mawe nyuma ya uwanja mkuu. Yamekwisha. Niandike kabla sijayapamba.

Nilifika saa mbili na mpango wa mwisho: pini. Mkimbiaji bila namba kifuani haruhusiwi kupanga mstari, na namba hushikwa kwa pini nne. Nilichukua pini zote za meza ya usajili, konzi nzima, nikazitia mfukoni. Zilinichoma pajani kila hatua. Nilivumilia, kwa ajili ya goti. Kisha Kocha akavua kofia yake, na ndani ya kofia, pembeni kote, palikuwa na pini zisizopungua arobaini. Akasema miaka yote kuna mjinga anayeiba pini.

Kiberiti alipiga mbio fupi fupi kwenye uwanja wa kupashia moto. Juu ya jukwaa alinionyesha mama yake: mwanamke mdogo, kanga begani, amekaa wima, mkoba magotini, hatazami pengine popote. Zilibaki dakika arobaini.

Halafu akaja akaketi kando yangu kwenye nyasi. Hakuwa na mzaha. Akafunga kamba za kiatu, akazifungua, akazifunga. Akasema, kwa sauti ndogo nisiyoijua kwake, Profesa nikuulize kitu, usimwambie Kocha. Asubuhi nilishuka ngazi za hosteli, paja likatetemeka. Si la kushoto. La kulia. Lile zima. Ni woga tu, eti?

Jibu lilikuwa tayari mdomoni. Ni woga tu. Maneno matatu, na kila mtu angepata alichotaka. Nilifungua kinywa kuyasema, na kilichotoka ni namba.

"Mia mbili na sita."

Kamba ikabaki vidoleni. Akasema hiyo ilikuwa namba yangu. Ya kushoto, mwaka jana, kabla. Mama Magoti aliniandikia kwenye kiganja nikakataa kunawa siku nzima.

Anaikumbuka! Kumbe siku tano nimemficha mwenyewe namba yake.

Akauliza, na Jumatatu nilipata ngapi? Hakuwahi kuuliza. Nilimpa asilimia tu, nayo ilikuwa tamu. Nikasema mia moja arobaini na tano. Kulia? Mia moja arobaini na tisa. Nilimwona akihesabu. Si mtu wa vitabu, lakini hakuhitaji. Alitazama mapaja yake, moja, kisha la pili, kama watu wawili waliomdanganya kwa kupatana.

Nilisubiri awake. Ningependa awake. Nilikuwa nimekunja mabega tayari.

Akauliza ulijua lini. Nikasema Jumanne. Akasema Jumanne mama yangu alikuwa hajakata tiketi.

Alifungua pini moja moja, nne, akazipanga kwenye kiganja changu, akakunja namba yake mara mbili, akaenda kwa Kocha akichechemea, ingawa hakuwa ameumia popote. Kocha alitupa kofia chini. Pini zikatawanyika. Kutoka kule nilisikia jina langu, lile la kweli, na mengine ambayo siyo.

Kisha Kiberiti akapanda jukwaani. Nilimwona akiketi kando ya mama yake, akiongea naye. Mama alihamisha mkoba, akaweka mkono juu ya goti la kushoto, akauacha hapo. Bunduki ililia. Wanane walikimbia viunzi kumi, na wale wawili jukwaani wakavitazama vyote mbele yao bila kupepesa. Sikuweza kutazama mbio. Niliwatazama wao.

Jumatatu, 11 Agosti

Mama Magoti aliniita saa mbili. Magoti yangu yaligongana, na yeye, kwa kazi yake, bila shaka alisikia.

Kiberiti alikwisha kumpigia simu. Fundi naye alikwisha kusimulia habari ya waya. Mfuaji ametaja nani alionekana na kapu. Sikujua kwamba jengo hili lina watu wengi wenye macho.

Hakunifokea. Ilikuwa mbaya zaidi. Alimwita Kiberiti, akamlaza kitandani, akanipa futi ya kitambaa, akaniambia mwanangu pima paja hili, sema kwa sauti. Sasa lile, sema kwa sauti. Sasa shika hapa, kwa kidole, sio kwa kitabu. Nikashika. Palikuwa laini mahali ambapo palipaswa kuwa jiwe. Kwa mguu wa kulia pia. Akasema hilo ndilo daftari, lile jingine lilikuwa la kunisaidia kukumbuka tu. Nikatamani kujibu. Nilikuwa na hoja. Kidole kilikuwa bado pale, kikanizuia.

Hukumu. Majaribio yangu yanaanza upya, siku ya kwanza ni leo. Nisiguse fomu ya rangi yoyote. Kiberiti ana miezi mitano ya kuinua vyuma, miguu yote miwili. Atakosa timu ya safari hii, lakini Mama Magoti anasema goti lililo zima lina safari nyingine. Kiberiti mwenyewe haniiti tena Profesa. Ananiita Asilimia. Akipita mlangoni husema, Asilimia, leo miguu yako inafanana?

Nimesema pole mara tatu. Ya tatu ilikuwa na tanbihi, akaniomba nisirudie.

Jumatano, 13 Agosti

Siku mbili za utulivu zimeniwezesha kuyatazama mambo kwa jicho la kisomi. Tukiweka hisia kando, goti la Kiberiti liliokolewa na nani? Nani aligundua 206? Nani aliitamka? Nimeanza makala fupi juu ya uvumbuzi huu, na nimemtaja Mama Magoti katika shukrani, mstari wa mwisho.

Kazi yangu mpya ni maji ya barafu. Wanariadha wakitoka mazoezini huzamishwa mpaka kiunoni kwenye beseni kubwa, dakika kumi, na kila nusu saa mtu huandika joto la maji kwenye jedwali. Kazi ya kudhalilisha. Ili kuokoa muda wa makala, saa mbili asubuhi nilijaza safu ya siku nzima: nyuzi kumi na moja, kumi na moja, kumi na moja, mpaka saa kumi na moja jioni. Kipimajoto kilisema kumi na moja, na maji hayana sababu ya kubadili mawazo.

Saa tano nimegundua kwamba kipimajoto kimeharibika. Hiyo kumi na moja imeganda kwenye kioo tangu sijui lini.

Wanamieleka watatu wamekwisha kupita. Wa kwanza alitoka na midomo ya rangi ya daftari lile lililofuliwa, akaniuliza kama vidole vyake vya miguu bado vipo. Nilivihesabu mbele yake. Wa pili hakuuliza kitu, kwa kuwa meno hayakumruhusu. Wa tatu bado amekaa kwenye kiti, amejifunika taulo sita, ananitazama bila kupepesa.

Mama Magoti yuko chumba cha pili. Hatua tisa. Ningeweza kwenda kumwambia. Lakini makala yangu iko ukurasa wa nne, na si wakati mwafaka kwa mwandishi wake kuonekana mzembe. Timu nzima ya raga inaingia saa sita. Beseni ni la lita mia nane. Ofisini kuna birika la umeme la lita moja na nusu. Nikianza sasa, kimyakimya, hakuna atakayejua.

Natafuta soketi.